Viinitete, visukuku, mifupa ama DNA: ukitaka kuonyesha wanyama ni wa ukoo mmoja uanzie wapi?

Mwalimu wa bayo mwenye dakika 40 na darasa linasinzia baada ya lanchi, mzazi ameulizwa na mtoto kama kweli tulitoka kwa nyani, na yule amejipata kwa grupu ya wozapu ya familia anabishana na binamu yake usiku, wote shida yao ni moja. Wanataka ushahidi mmoja wa kuanza nao. Wakiangalia wanapata vitu vinne vimepangwa kama vile ni sawa tu: viinitete (yaani mnyama akiwa bado anaumbika tumboni ama ndani ya yai) kufanana, visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika kwenye mwamba), mifupa ya wanyama wa leo, na DNA. Silabasi ya fomu foo inavitaja kwa mpigo mmoja na mwanafunzi anavikariri kwa mpigo huohuo. Lakini si sawa, kila kimoja kinajibu swali lake, na ukimpa mtu jibu la swali ambalo hajauliza, umempoteza kabla hujafika popote.

Nimevipima kwa mambo manne. Kwanza, je, unaweza kukiona ukiwa hapa Nairobi bila kusumbuka sana? Pili, kinathibitisha nini hasa? Tatu, kinakwama wapi, maana mbishi atakushika hapo tu. Nne, kinamfaa nani. Maksi juu ya kumi sitoi, utaona mwenyewe kwa nini.

VIINITETE

Kukiona: hapa unahitaji yai, na si yai la trei la dukani. Kuku wa hayo hawajawahi kukutana na jogoo, ukiyaweka kwa inkubeta utabaki na harufu tu. Tafuta ya kienyeji kutoka kwa mtu unajua ana jogoo, uyaweke kwenye joto la nyuzi 37.5 hivi, uwe unayageuza mara kadhaa kwa siku. Kuku anachukua siku 21, moyo unaanza kupiga siku ya pili inapoelekea kuisha, na kufika siku ya nne ama ya tano ukizima taa na kumulika yai kwa tochi ya simu unaona mishipa ya damu imetawanyika na kitu kidogo cheusi kinacheza katikati. Watoto hupiga nduru hapo. Kuona zaidi ya hiyo, yaani mkia na ile mikunjo ya shingoni ambayo ndiyo stori yenyewe, itabidi ufungue yai la siku tatu hivi na uwe na lenzi nzuri ama maikroskopu, na hapo ujue unaua kifaranga, sio kila mtu yuko sawa na hiyo.

Kinathibitisha nini: hapa ndipo watu wengi wanakosea, wanafikiri hoja ni kwamba viinitete "vinafanana". Kufanana peke yake ni hoja nyepesi. Karl Ernst von Baer, bingwa wa viinitete, aliona huko kufanana vizuri kabisa, mwaka 1828 aliandika kwamba ana viinitete viwili kwenye spiriti, alisahau kuweka lebo, na sasa hawezi kusema kama ni mjusi, ndege ama mnyama anayenyonyesha. Na huyohuyo von Baer, Darwin alipokuja 1859 na nadharia kwamba viumbe wana asili moja na hubadilika, hakuikubali. Kwa hivyo ukimwonyesha mtu picha mbili zinazofanana akakuambia "basi aliyeziumba alitumia ramani moja", hajasema upuuzi, amesema kitu ambacho bingwa wa viinitete mwenyewe angeweza kukielewa.

Nguvu ya viinitete iko kwa vitu vinavyojengwa halafu vinabomolewa, ama vinajengwa kwa kazi moja halafu vinahamishiwa nyingine. Nyangumi wale wakubwa wasio na meno, wanaochuja chakula, wakiwa tumboni wanaota vichipukizi vya meno, na kabla ya kuzaliwa vinayeyuka vyote. Pomboo akiwa kiinitete anaota vichipukizi vya miguu ya nyuma, vinakaa kidogo, vinapotea. Chatu naye anaanza miguu ya nyuma, haimalizi, anabaki na vikucha viwili karibu na mkia. Binadamu wa wiki ya nne ana urefu wa milimita nne ama tano, ana mkia wenye pingili zake, na kufika wiki ya nane umeshaingia ndani, unabaki kifupa cha matakoni. Sasa uliza huyo binamu yako: ramani gani hiyo inajenga meno ili iyafute?

Halafu ile mikunjo ya shingoni. Samaki, kuku, nguruwe, mtu, wote wanakuwa nayo mapema. Kwa samaki inaishia kuwa matamvua, vile vitu vyekundu mama wa samaki pale Gikomba anang'oa kabla akukatie. Kwetu haiwi matamvua hata siku moja, na hii niiseme kwa sauti, mtoto tumboni hapumui kama samaki na hana matamvua. Kwetu mkunjo wa kwanza unatoa taya na vifupa viwili vya ndani ya sikio, wa pili unatoa kifupa cha tatu cha sikio na sehemu ya mfupa ulio chini ya ulimi, ya chini zaidi inatoa vipande vya kikoromeo.

Hivyo vifupa vya sikio ndio kipande ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1837, miaka 22 kabla ya kitabu cha Darwin, Mjerumani Karl Reichert alikuwa anachunguza viinitete vya nguruwe na akaona kwamba vifupa viwili vya sikio vinatokea palepale ambapo kwa mjusi kunatokea maungio ya taya. Yaani mfupa ambao mjusi anatafunia, wewe unasikilizia. Ukiisoma hivyo bila kitu kingine inakaa kama mzaha. Lakini baadaye wachimbaji wakapata mnyama mdogo anaitwa Morganucodon, wa miaka kama milioni 200 iliyopita, ambaye alikuwa na maungio mawili ya taya kwa wakati mmoja, ya zamani na mapya. Kiinitete kilisema kwanza, mwamba ukaja kukubali zaidi ya karne moja baadaye. Hakuna mtu alipanga hiyo.

Kuna pia ule mshipa wa fahamu wa kikoromeo, wa upande wa kushoto. Unatoka kwa ubongo, unapita kando ya koo, unashuka mpaka kifuani, unazunguka mshipa mkubwa wa moyo ndipo unarudi juu kwenye koo uliyoipita. Kwa samaki njia hiyo ni fupi na iko sawa kabisa. Kwa kiinitete chetu pia bado iko sawa, halafu moyo unashuka na shingo inarefuka na mshipa unavutwa nao. Nenda Lang'ata pale Giraffe Centre ukiwa unalisha twiga uangalie hiyo shingo, ujue kuna mshipa unashuka yote na kuipanda tena, mita kadhaa, kufika mahali palipokuwa karibu tangu mwanzo.

Kinakwama wapi: Haeckel. Mwanabiolojia Mjerumani Ernst Haeckel alichora mwaka 1874 ile picha maarufu, wanyama wanane kwenye safu, samaki, salamanda, kobe, kuku, nguruwe, ng'ombe, sungura, mtu, na safu ya juu wote ni kama mapacha. Aliwafananisha kupita kiasi. Na hata kabla ya hapo, 1868, alikuwa ametumia chapa moja ya mbao mara tatu akidai ni mbwa, kuku na kobe, mwenzake Ludwig Rütimeyer wa Basel akamshika mchana kweupe. Juu yake akaweka sheria kwamba kiinitete kinapitia maisha ya mababu zake wote waliokwisha kukua, kwanza samaki, halafu mjusi, halafu mnyama. Hiyo si kweli. Mwaka 1997 Michael Richardson na wenzake walilinganisha viinitete halisi, na tofauti zilionekana wazi hata katika hatua ile Haeckel alisema wako sawa: ukubwa tofauti, idadi ya pingili tofauti, vingine havina vichipukizi vya miguu kabisa. Ile michoro iliendelea kunakiliwa kwenye vitabu vya shule miaka mingi, na mbishi aliyesoma kidogo ndiyo anaingoja. Ukimtumia picha hiyo, mjadala umekwisha na umeshindwa wewe, hata kama hoja yako ilikuwa sahihi.

Jambo lingine, kufanana hakuanzii mwanzo kabisa. Yai la kuku na yai la mtu yanagawanyika kwa njia tofauti sana siku za kwanza, kisha wanakaribiana katikati, kisha wanaachana tena. Chora kibuyu chenye kiuno utapata umbo lake. Wanaochunguza jeni zinazofanya kazi kila hatua, kwa samaki na kwa nzi, walitoa matokeo mwaka 2010 yanayoonyesha hicho kiuno kipo, hatua ya katikati inatumia jeni za zamani zaidi. Kwa hivyo ukisema "wote huanza sawa" umekosea, sema "kuna wakati wanakaribiana".

Kinamfaa nani: mtu mwenye subira ya kusikiliza stori mpaka mwisho. Mtu wa afya, nesi, mwanafunzi wa udaktari. Pia yule tayari anakubali wanyama hubadilika kidogokidogo ila hawezi kuona mwili mzima ulibadilikaje. Hamfai mtu anayetaka kujua ilikuwa lini, kiinitete hakina tarehe.

VISUKUKU

Kukiona: kwa hii sisi Wakenya hatuna sababu ya kulalamika. Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill ndiyo nyumbani kwa yule kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale ambayo mchimbaji Kamoya Kimeu aliiona Nariokotome mwaka 1984, miaka kama milioni 1.5 na ushee, mifupa mingi ya mwili mmoja kiasi kwamba hata watalii hunyamaza. Alikufa bado mtoto. Watu hupanda ndege kuja kuona kitu ambacho wewe unafikia na matatu ya kutoka tao.

Kinathibitisha nini: wakati. Hii ndio kazi yake na hakuna mwingine anaiweza hivyo. Miamba ya Turkana imejaa majivu ya volkano yanayopimika umri, kwa hivyo unajua nani alitangulia nani. Na inakubali kutabiri: timu ya mtafiti wa visukuku Neil Shubin ilitafuta kiumbe cha kati ya samaki na wanyama wa miguu minne kwenye miamba ya miaka milioni 375 kaskazini mwa Kanada, kwa sababu hesabu ilisema awe hapo, na 2004 wakampata Tiktaalik, ana magamba na mapezi, na ndani ya pezi mifupa ya bega, kiwiko na kifundo cha mkono. (Turkana pia walipata fuvu la nyangumi la miaka milioni 17, mamia ya kilomita kutoka baharini, lakini hiyo inahusu zaidi jinsi ardhi ya Afrika Mashariki ilivyopanda. Siku nyingine.)

Kinakwama wapi: mapengo, kila mtu anajua hiyo. Vitu laini havibaki, viinitete vinabaki kwa nadra sana, na huwezi kuapa kwamba mfupa huu ni wa babu na sio wa ndugu ya babu. Halafu Nairobi kuna joto lake. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walitaka makumbusho yasiweke hivi visukuku vya binadamu mbele, na bado kuna familia ambazo ukisema tu "fuvu la zamani" shosho anaanza kuomba. Ukianza na binadamu, watu wanajikinga. Anza na samaki ama nyangumi.

Kinamfaa nani: anayeamini kitu akikiona kwa macho, watoto wa praimari, na yule wa "lini? wapi? nani alikuwepo?".

MIFUPA YA WANYAMA WA LEO

Hii nitapita haraka kwa sababu ni rahisi, na urahisi wake ndio sifa yake. Kukiona unahitaji bawa la kuku. Kula, halafu panga mifupa kwa sahani: mfupa mmoja, kisha miwili, kisha vidogovidogo, kisha vidole vilivyoungana. Shika mkono wako uhesabu hivyohivyo. Mguu wa mbele wa mbuzi buchani pia, ingawa ile miwili imeshikana. Popo hivyo, kasia la pomboo hivyo. Twiga ana pingili saba za shingo, na wewe saba.

Kinathibitisha kwamba mpangilio mmoja umevutwa kufanya kazi nyingi tofauti, kuruka, kuogelea, kukimbia, kuandika meseji. Kinakwama palepale viinitete vinakwama vikitumiwa vibaya, mtu anasema mpango mmoja, muumba mmoja, na mifupa peke yake haina jibu la haraka. Tena inadanganya: bawa la popo na la ndege ni ndugu kama mikono, lakini kama mabawa kila mmoja alijitengenezea lake. Usipoeleza hiyo mwanafunzi anachanganyikiwa na mtihani unapenda kuuliza hapohapo. Kinamfaa mwalimu asiye na maabara, mzazi jikoni, na mtu ambaye ndiyo mwanzo anasikia haya maneno.

DNA

Kukiona: huioni. Hapa lazima mtu aamini namba. Ila data yenyewe ni ya bure, ukiwa na bando unaingia kwenye hifadhi za jeni za mtandaoni na kulinganisha mwenyewe. Jaribu protini ya saitokromu c: ina vipande 104, vya mtu na vya sokwe mtu ni sawa kila kimoja, na tumbili aina ya rhesus ametofautiana kipande kimoja.

Kinathibitisha nini: ukaribu wa undugu, kwa namba. Jenomu ya sokwe, yaani DNA yake yote, ilitoka 2005 na ukilinganisha herufi kwa herufi sehemu zinazolingana, tofauti na yetu ni kama asilimia 1.2. Lakini kama kwa viinitete, mimi naona nguvu iko kwa vitu vilivyoharibika. Mbuzi na mbwa wanajitengenezea vitamini C, hata komba wa usiku wa hapa kwetu anajitengenezea. Wewe, sokwe na nyani mna jeni hiyohiyo imekufa, iko tu, ndiyo maana unaambiwa ule machungwa na sukuma. Sokwe ana jozi 24 za kromosomu, sisi 23, na kromosomu yetu ya pili inaonyesha alama ya mbili zilizoungana, mpaka ncha za zamani ziko katikati. Na hapa viinitete vinarudi: tumboni tunakuwa na kifuko cha kiini cha yai kisicho na kiini ndani, na kwenye DNA yetu kuna mabaki ya jeni za kutengeneza protini za kiini cha yai. Vitu viwili tofauti, stori moja.

Kinakwama wapi: ile asilimia 98 na kitu. Watu wanaitumia vibaya pande zote, inategemea unahesabu nini, ukihesabu na vipande vilivyoongezeka ama kupotea inashuka. Na haikuonyeshi mwili, mtu anaweza kukubali namba na bado asione mjusi anakuwaje mnyama anayenyonyesha.

Kinamfaa: watu wa kompyuta, watu wa hesabu, na kwa ajabu, wanaume wengi wa Nairobi. Hakuna asiyejua DNA ya kesi za malezi, korti inaamuru, majibu yanatoka, mtu analipa. Mwambie ni kipimo cha aina hiyohiyo kinapelekwa mbali zaidi, utaona akikaa vizuri kusikiliza.

SASA UCHUKUE GANI

Kama ni kandideti wa KCSE, huna uchaguzi, jua zote nne pamoja na zile nyingine za silabasi, lakini kwenye viinitete andika kwamba viinitete vya wanyama wenye uti wa mgongo vinafanana katika hatua fulani za mapema, jambo linaloonyesha asili moja. Usiandike kwamba mtoto anapitia hatua ya samaki, hata kama kitabu cha zamani cha kaka yako kimesema.

Kama uko kwa grupu ya familia, picha ya Haeckel iache kabisa. Tuma kitu kimoja chenye kasoro: meno ya nyangumi asiye na meno, ama jeni ya vitamini C. Moja. Ukituma tano watachagua dhaifu zaidi wakujibu hiyo. Na kama mtu anachojali kwa kweli ni imani yake, hakuna kisukuku kitamjibu, mweleze tu kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 alisema nadharia hii ni zaidi ya dhana tu, na kuna Wakristo wengi wanaishi na yote mawili bila shida.

Mtoto wa miaka saba, mpeleke Museum Hill, na mkirudi mle kuku mpange mifupa ya bawa lake kwa sahani. Mwanafunzi wa udaktari pale Chiromo atakutana na viinitete apende asipende, na vitamsaidia: mgonjwa akija na uvimbe ama kitundu kinachotoa maji kando ya shingo tangu utotoni, mara nyingi ni mabaki ya ile mifereji kati ya mikunjo ambayo haikuziba. Mtu wa "nionyeshe tarehe", visukuku, usimzungushe.

Kama ni mwalimu na una wiki moja ya kupanga, unganisha mifupa na viinitete, havigharimu kitu na kimoja kinaziba pengo la kingine. Mayai ya kienyeji yakiingia kwa inkubeta Jumatatu asubuhi, Ijumaa yako tayari kumulikwa. Weka sita hivi, maana mawili hayatakuwa na kitu.